Hoja ya Ukaguzi Namba Tisa

Kasma ya makumbusho iko ukurasa wa themanini na mbili,
chini ya chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani,
juu ya chanjo za mbwa wasio na wenyewe.
Diwani Houdek huifikia jioni, Desemba,
wajumbe wameshavaa makoti,
na kila mwaka huuliza lile lile:
"Hizo glavu zinamlisha nani?"
Watu hucheka. Kalamu hukata asilimia tano.
Mikono hunyooshwa. Imepita.

Mimi ni mkaguzi wa jiji.
Maswali siyajibu, nayaandika.

Mwaka huo walinituma nikaone kwa macho.
Tramu namba nne hadi reli inapoishia,
mtaa uliokuwa na viwanda saba vya ngozi
na sasa una bomba la moshi lisilo na moshi,
kunguru wamelipanga bure.
Jumba lenyewe: vyumba vitatu, ndoo mbili,
na Bi Drahomíra Kubíčková,
mwenye cheo cha mkurugenzi, ufunguo, ufagio,
na mshahara wa ufagio.

Akanivutia kiti karibu na jiko.
Nikakataa. Kiti nacho ni takrima.

Nikafungua daftari.
Namba 61, glavu za bibi arusi, jozi moja. Naona ya kulia.
Namba 62, za dereva wa tramu, jozi moja. Naona ya kushoto.
Namba 63, za mtoto wa miaka minne,
jozi moja. Naona ya kulia, ndogo kama jani.
Rafu nzima ya wajane.

"Bi Kubíčková, za pili ziko wapi?"

Hakukasirika. Alifuta miwani kwa pindo la sweta.
"Mshonaji alilipwa kwa jozi.
Mkasi ukiteleza, upande mmoja ukipasuka,
jozi imekufa, hakuna malipo.
Upande uliopona waliruhusiwa kwenda nao nyumbani.
Waliutundika jikoni, ukutani.
Watoto wao ndio walioniletea.
Hizo za pili hazikuwahi kuwa glavu."

"Lakini daftari linasema jozi."

"Daftari liliandikwa kwenu, ghorofa ya tatu,
na bwana ambaye hajawahi kupanda tramu hii.
Alisikia glavu, akajua mbili.
Tangu hapo mnanikata ruzuku kwa upotevu wa mali:
glavu mia mbili na kumi na mbili."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hilo nililijua tangu chuoni.
Sikujua kwamba daftari nalo laweza kupoteza kisichokuwapo,
na mtu akalipa.

Tukaanza. Futa "jozi", andika "moja", saini, mhuri.
Futa, andika, saini, mhuri.
Tone likaanguka kwenye ndoo, tukaandika.
Saa mbili usiku wino wa mhuri ulikauka;
akautemea mate kidogo, bila kuniomba radhi.
Kiti nilishakikalia zamani.

Paa sikuliweza.
Paa ni la idara ya majengo,
na idara ya majengo ina barua kwamba paa ni la utamaduni,
na utamaduni ni ukurasa wa themanini na mbili.

Kwenye tramu ya mwisho niligundua
mkono wangu mmoja una baridi.

Wiki ya pili ikaja bahasha,
stakabadhi halali, mhuri wa samawati uliofifia:
"Namba 213. Glavu ya mkaguzi. Sufu, kijivu,
ya kushoto. Moja."
Nikaitia kwenye faili, hoja ya tisa,
imejibiwa.

Desemba ikafika. Makoti yakavaliwa.
Diwani Houdek akauliza swali lake.
Nami, nyuma kabisa, kwenye benchi la watumishi
wasio na haki ya kusema,
nikanyanyua mkono, ule wenye glavu.

Mwenyekiti, akiwahi chakula cha jioni,
akadhani nami ni kura.
Akanihesabu.